Wizara ya Wima

Jina la nchi yetu sitalitaja. Karatasi yenye jina hilo sharti ishikwe kwa mikono miwili na isomwe mtu akiwa amesimama, na najua wasomaji wangu wengine wana sufuria motoni. Itoshe kusema ni nchi nzuri. Ina mito mitatu, bendera moja, na sanamu elfu nne na mia sita za Kiongozi wetu, Baba Mnyoofu. Wala hakuna anayelalamika. Wizara ndiyo inayopokea malalamiko, na Wizara yenyewe imetangaza kuwa haijapokea hata moja.

Wizara hiyo ni ya Wima na Usikivu. Kazi yake ni kuhakikisha kila mwananchi amesimama sawasawa na anasikia anachoambiwa. Afya za wafanyakazi nazo ziliwekwa humo, kwa sababu jengo lilikuwa na chumba kimoja cha ziada, karibu na choo.

Zamani sanamu zilichongwa kwa mawe. Lakini mawe ni mazito na wachongaji wana maoni. Siku hizi zinatengenezwa kwa faiba katika Kiwanda cha Taifa cha Sanamu. Unatandika kitambaa cha nyuzi za kioo ndani ya kalibu, unakilowesha kwa kimiminika kizito ambacho wafanyakazi wanakiita uji, unasubiri kigande, unatandika tena. Uji huo unanuka. Ukipita tu nje ya ukuta wa kiwanda, ulimi unapata ladha ya plastiki iliyoungua, na chai ya jioni unaimimina. Walio ndani ya ukuta wanauvuta saa kumi kwa siku.

Mapipa ya uji yalikuja na picha ya fuvu na mifupa miwili. Uongozi uliona picha hiyo inavunja watu moyo, ukaamuru ipakwe rangi na mahali pake lichorwe ua la alizeti. Madirisha yalipigwa misumari ili vumbi lisitue kwenye uso wa Baba Mnyoofu kabla haujakauka. Barakoa zilikatazwa, kwani mtu hazibi pua mbele ya Kiongozi ila ana neno moyoni. Yote yalifanywa kwa nia njema. Nyaraka zinasema hivyo, aya ya mwisho, kila moja.

*

Mwanangu Mwantumu aliingia kiwandani akiwa na miaka ishirini na miwili, akawa msimamishaji.

Sanamu ikitoka kwenye kalibu haijui juu ni wapi. Lazima mtu aiweke kwenye kitako chake, aielekeze, aseme "hapo", ndipo bolti zikazwe. Nchi nyingine wanatumia timazi, kile kipande cha chuma kinachoning'inia kwenye uzi, ambacho hata fundi mwashi wa vibanda vya kuku anacho mfukoni. Kwetu timazi ilipigwa marufuku kwa Waraka Namba 7: "Hakuna chombo kitakachompima Baba Mnyoofu." Msimamishaji anatakiwa asimame mbele ya sanamu, anyooke kizalendo, kisha aifananishe na mwili wake.

Nina stashahada ya upimaji ardhi. Niliposikia utaratibu huo nilisema, "Haya." Kazi ilikuwa kazi.

Mwaka wa kwanza Mwantumu alirudi akiuliza nani ameacha birika motoni, linalia. Hatukuwa na birika. Mwaka wa pili tulikwenda kwenye harusi, akakaa katikati ya wenzake akitabasamu ovyo kama mgeni. Nikamvuta pembeni.

"Una nini?"

"Nasikia watu wanaongea, mama, ila maneno yamelowa."

Mwaka wa tatu alikuwa anaoga. Nikasikia kishindo. Nilimkuta sakafuni, povu usoni, amekumbatia ndoo, anacheka.

"Unacheka nini wewe?"

"Nikifumba macho tu nyumba inageuka. Nimefumba nipake sabuni, ikanimwaga."

"Fumbua."

"Sasa imetulia."

Nilimfunga khanga, nikamsimamisha kwenye fremu ya mlango. "Simama wima."

"Si nimesimama?"

Alikuwa amelala upande kama mpapai wa kando ya mtaro. Nikatoa timazi yangu ya chuoni kwenye boksi la cherehani, nikaining'iniza begani kwake, nikapima pembe. Nyuzi tisa kuelekea kushoto.

"Unajionaje?"

"Kama askari wa gwaride," akasema, na alisema kweli yake.

Kesho yake nilikwenda mbele ya jengo la Wizara, ambako kulikuwa na sanamu mpya, ndefu kuliko mnazi, aliyoisimamisha yeye mwezi uliopita. Nilijifanya naokota sarafu. Nyuzi tisa kuelekea kushoto.

*

Mfanyakazi wa kiwanda hicho haachi kazi. Akiacha ametoroka, na kutoroka ni uhaini mdogo. Njia pekee ya kutoka ni ugonjwa, tena uwe kwenye Orodha ya Magonjwa Yanayotambulika. Orodha ina magonjwa kumi na moja, mawili kati yake ni ya ng'ombe. Mimi nilitaka jambo moja tu: mwanangu atoke mle ndani kabla masikio hayajaisha. Nikampeleka kwa Daktari wa Kiwanda, Bwana Kizigo.

Bwana Kizigo alikuwa refa wa mpira. Alipewa udaktari kwa kuwa alikuwa na nguo nyeupe na saa inayohesabu sekunde. Alimsogelea Mwantumu mpaka pua zikakaribia kugusana, akapanua mdomo.

"Unasikia?"

Mwantumu akatazama midomo. "Ndiyo."

Akaandika: Anasikia.

"Baba," nikamwambia, "mwulize ukiwa nyuma yake."

"Mama, sisi hatusemi watu kwa nyuma. Huko ni kusengenya." Akageuza ukurasa. "Simama, binti."

Mwantumu akasimama. Bwana Kizigo akamtazama, akainamisha kichwa kidogo, akakiinamisha zaidi, mpaka akamwona amenyooka. Akaandika: Mzima.

"Anaanguka bafuni," nikasema.

Refa akashika mfuko wa shati. "Anayumba? Maana kuyumba ni pombe, mama. Nikiandika kuyumba natoa kadi nyekundu."

Tulikuwa tunaijua kadi nyekundu. Watu kumi na wanne walikuwa wameshapewa. Mmoja ni Mzee Hamduni, mwadhini wa msikiti wetu, ambaye hajaonja hata togwa. Aliyumba mbele ya sanamu, akaandikwa mlevi. Adhabu ya ulevi ni miezi sita ndani ya chumba cha kuchanganyia uji, ambacho hakina hata dirisha la kupigilia misumari.

"Hayumbi," nikasema. "Ni mimi nimeona vibaya."

"Akina mama mna hofu," akasema Bwana Kizigo kwa huruma, akapuliza filimbi kumwita anayefuata. Mwantumu hakugeuka. Aliyefuata pia hakuja.

*

Nikaenda kwa Waziri mwenyewe.

Mheshimiwa Ndalilo alikuwa mtu mpana mwenye sauti ya kuzindulia miradi. Alinipokea akiwa kwenye kiti cha magurudumu cha ngozi, huku dirishani nyuma yake sanamu ikionekana imeegemea kushoto kama jirani anayesikiliza ukutani. Katibu Mkuu wake alikaa pembeni na daftari.

"Karibu, mama yetu. Wizara ni mlezi. Wizara ni chandarua cha taifa. Sema, usiogope mbu."

"Mheshimiwa, mwanangu ni mgonjwa. Uji wa kiwandani umemwua masikio na umemwondolea wima. Naomba aachiwe."

"Wewe umejuaje kama hana wima?"

Nikanyoosha kidole dirishani. "Ile aliisimamisha yeye."

Katibu Mkuu akaacha kuandika. Waziri akageuka taratibu, akaitazama sanamu, akanigeukia. Hakuwa mjinga. Napenda hilo lieleweke, kwa sababu watu hupenda kusema viongozi wetu ni wajinga, na wakisema hivyo wameshawasamehe.

"Mama," akasema kwa upole, "tufikiri pamoja, kama familia. Mwanao aliisimamisha sanamu kwa kuifananisha na mwili wake. Sawa?"

"Sawa."

"Kama sanamu imenyooka, mwanao amenyooka. Akinyooka, ni mzima. Ili mwanao awe mgonjwa, sharti sanamu iwe imepinda." Akatabasamu. "Katibu, chukua kalamu. Mama yetu ana jambo la kutuambia kuhusu sanamu ya Baba Mnyoofu."

Kusema sanamu imepinda ni miaka kumi na miwili. Mwantumu angebaki nyumbani na nani?

"Sanamu imenyooka," nikasema.

"Sana?"

"Kama mlingoti."

"Basi hongera, una mtoto mzima!" Akapiga meza. Katibu akacheka kwa sababu Waziri amecheka, na mlinzi wa mlangoni akacheka kwa sababu Katibu amecheka. Nilipokuwa kwenye korido nikamsikia Waziri akisema, "Hawa wa stashahada hawa! Wanajua kusoma timazi, hawajui kusoma nyakati."

Mimi nina masikio mazuri. Nilisikia kila neno.

*

Sheria ya Wima ina kurasa mia tatu na kumi, na hakuna aliyewahi kuisoma, wakiwemo walioipitisha. Niliipata kwa muuza karanga wa stendi, aliyekuwa akifungia bidhaa zake humo. Alikuwa amefika ukurasa wa themanini. Kwa bahati nzuri kifungu cha 41 kilikuwa ukurasa wa mia na mbili:

"Kila kilichosimama na kila kilicholala ndani ya majengo ya Serikali na makazi ya viongozi kitapatana na sanamu ya Baba Mnyoofu iliyo karibu nacho zaidi."

Nilinunua karanga zote.

Kisha nikaandika barua. Niliandika hivi: "Mheshimiwa Waziri. Kwa kuwa wewe mwenyewe, mbele ya Katibu Mkuu na mlinzi, umethibitisha kwamba sanamu iliyo nje ya Wizara imenyooka, nasikitika kuripoti kwamba Wizara imepinda. Imepinda nyuzi tisa kuelekea kulia. Makazi yako, yaliyo mkabala na sanamu hiyo, nayo yamepinda kiasi hicho hicho, pamoja na kitanda. Najitolea kurekebisha. Wako katika wima." Nakala nikapeleka Ikulu, Idara ya Usalama, gazeti la Chama, Umoja wa Wanawake, na kwa mchumba wa Katibu Mkuu, ambaye hapendi siri.

Ikulu walijibu kwanza. Waliuliza ni tangu lini Mheshimiwa Ndalilo amekuwa akiishi kinyume na Baba Mnyoofu kwa nyuzi tisa, na kwa nini alinyamaza.

Siku mbili baadaye redio ilitangaza kuwa Waziri, kwa hiari na kwa furaha, ameanzisha Kampeni ya Kupatana. Alihitajika mpimaji. Wapimaji wote wa nchi walikuwa wametupa timazi zao mtoni ule mwaka wa Waraka Namba 7. Nikabaki mimi. Idara ya Usalama waliniuliza kwa ukali kama nakusudia kumpima Baba Mnyoofu.

"Mungu apishe mbali," nikasema. "Nitampima Waziri."

*

Nilipewa fulana, kofia, mafundi arobaini na zege isiyo na kikomo. Tulianza na ofisi ya Waziri. Chumba kilikuwa na upana wa mita kumi. Tulipomaliza, kwenye ukuta wa mashariki sakafu ilikuwa imepanda mita moja na sentimita hamsini na nane juu ya ukuta wa magharibi. Ni hesabu ya kidato cha tatu, haina uchochezi. Meza tukaifunga kwa bolti. Kiti cha magurudumu sikukigusa. Hakikutajwa kwenye kifungu.

Uzinduzi ulifana. Mheshimiwa Ndalilo alikata utepe, akasema, "Leo Wizara inasimama kama Baba anavyosimama," akakaa kwenye kiti, akaondoka. Alivuka chumba chote akiwa amekaa, mkono bado umeinuliwa, akagonga ukuta wa magharibi. Tulipiga makofi. Gazeti la Chama liliandika kuwa Waziri ameonyesha kasi.

Tukaendelea. Korido, ngazi, ukumbi wa mikutano, choo cha wakubwa. Halafu nyumbani kwake: sebule, chumba cha kulia, chumba cha kulala. Kitanda nilikipima mwenyewe mara tatu, maana napenda kazi safi.

Yaliyoleta taabu ni maji tu. Ukimimina chai kwenye kikombe, chai ilikuwa inakataa kupatana. Kikombe kilikuwa kimepatana, sahani imepatana, meza imepatana, chai peke yake inakaa vile ilivyozoea kukaa tangu kabla ya uhuru. Wageni wakaanza kuiangalia. Katibu Mkuu akatoa waraka kwamba chai ndani ya Wizara inywewe ikiwa imefunikwa, na vinywaji vyote vitolewe kwenye vyombo visivyoonyesha ndani.

Wiki ya pili wakaanza kuugua. Mtu mwenye afya akikaa saa kumi kwenye chumba kilichopinda huku macho yanamwambia kimenyooka, kichwa chake kinagombana na miguu yake. Wakurugenzi walitapika kwenye mafaili. Katibu Mkuu alikuwa akitoka mlangoni kwenda dirishani na kujikuta amefika kabatini. Waziri aliamka kila asubuhi chini ya kitanda, upande wa magharibi. Mkewe alikwenda kumsalimia dada yake na hakusema anarudi lini.

Waziri alijipeleka kwa Bwana Kizigo. Refa akamtafutia kizunguzungu kwenye Orodha kuanzia juu hadi chini, akapita kwenye ng'ombe, akarudi juu. Hakimo. Akainamisha kichwa, akamtazama, akaandika: Mzima.

Nami nilikuwa nahesabu. Kila Jumapili nilisimama nyuma ya Mwantumu nikagonga mfuniko wa sufuria kwa mwiko. Jumapili ya kwanza aligeuka. Ya pili aligeuka nilipogonga mara tatu. Ya nne niligonga mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Mwantumu alikuwa anachambua mchele, amenipa mgongo, anaimba wimbo wa kitoto kwa sauti kubwa isiyofuata tuni.

Siku hiyo nilitamani ningewawekea nyuzi ishirini.

*

Siku ya arobaini Waziri aliniita. Nilimkuta ameketi sakafuni, amejifunga kwa mkanda wa suruali kwenye mguu wa meza. Mwili ulikuwa umepungua, ila ile sauti ya miradi bado ilikuwepo, imepasuka kidogo katikati. Katibu Mkuu alikuwa ameshika pazia kwa mikono miwili.

"Mama, tafadhali. Rudisha sakafu."

"Sakafu ina nini, Mheshimiwa?"

"Unajua ina nini."

"Mimi ni mtu wa stashahada tu. Nieleze."

"Imepinda, mwanamke wewe! Imepinda!"

Nikamgeukia Katibu Mkuu. "Katibu, chukua kalamu. Mheshimiwa ana jambo la kutuambia kuhusu sakafu iliyopatana na sanamu ya Baba Mnyoofu."

Katibu hakuweza kuchukua kalamu. Angeachia pazia.

Hapo mlango ukafunguliwa. Alikuwa Mwantumu. Kiwanda kilimtuma alete hati za sanamu mpya zisainiwe, mara yake ya kwanza tangu sakafu ipandishwe. Alisimama kizingitini, akaitazama ile sakafu, na uso wake ukabadilika. Kisha akaingia.

Kwa miezi mingi sikuwa nimemwona mwanangu akitembea bila kugusa ukuta. Sasa alikuwa anakuja katikati ya chumba, hati mkononi, mabega yametulia, hatua moja mbele ya nyingine, kama alivyokuwa akitoka shule. Katika nchi nzima alikuwa amepata chumba kimoja kinachomkubali. Nilitazama dari. Sikutaka Ndalilo anione.

"Shikamoo, Mheshimiwa!" Mwantumu akasema kwa kelele, maana hakujua tena sauti yake ni kubwa kiasi gani. "Mbona umekaa chini?"

Waziri alikuwa amekodoa macho. "Anatembea! Huyu ndiye mgonjwa wako? Anatembea kuliko mimi!"

"Anatembea kwa sababu ni mgonjwa," nikasema. "Wewe unatambaa kwa sababu ni mzima. Ama geuza: yeye ni mzima, na wewe unayeyumba mbele ya Baba Mnyoofu ni mlevi. Tufikiri pamoja, Mheshimiwa, kama familia. Sakafu ikiwa imenyooka, namwita Bwana Kizigo aje na kadi yake, na Jumatatu unaingia chumba cha kuchanganyia uji. Miezi sita. Sakafu ikiwa imepinda, sanamu imepinda, na miaka ni kumi na miwili. Chagua. Mimi sina haraka, nimekuja na karanga."

Nilikuwa nazo kweli. Nikaanza kumenya.

Akafikiri. Nilimwona akitafuta mlango na kila mlango umeinama.

"Kuna njia ya tatu?" akauliza.

"Ipo. Kizunguzungu kinaweza kuwa ugonjwa. Mtu akiwa mgonjwa hayumbi kwa pombe, na hakuna haja ya kusema lolote kuhusu sanamu. Kiongeze kwenye Orodha. Andika: Kizunguzungu na uziwi vinavyoletwa na hewa ya mahali pa kazi."

"Uziwi wa nini? Mimi nasikia."

"Uziwi ndio bei."

"Na hiyo hewa ya mahali pa kazi... hewa ya Wizara ni safi."

"Basi andika hewa ya kiwandani. Andika uji. Andika mapipa yenye alizeti. Halafu andika kwamba kila mwenye ugonjwa huo anatoka leo, pamoja na walevi kumi na wanne, ambao si walevi, na majina yao yasafishwe kwenye gazeti, ukurasa wa mbele, si kule kwenye matangazo ya vifo."

Alisaini akiwa amelala kifudifudi, maana karatasi ilikuwa inateleza. Nakiri nilitamani akatae. Nilishamwona akilini mwangu mle chumbani, Jumatatu, anakoroga.

"Na sakafu?" akasema, kalamu bado mkononi.

"Kwanza watoke."

*

Walitoka mia mbili na kumi na wanne. Walishikana mabega mstari mrefu, kila mmoja ameinama kwa nyuzi zake, wakafumba macho kwa jua, wengine wakaanguka kwa kufumba. Wanawake waliokuwa wanasubiri getini waliingia na nyundo wakang'oa misumari ya madirisha, na hakuna askari aliyewakataza, kwa kuwa askari wote walikuwa Wizarani wanawasaidia wakurugenzi kushuka ngazi. Jina la Mzee Hamduni lilisafishwa ukurasa wa mbele. Hawezi tena kupanda ngazi za mnara. Anaadhini akiwa chini, ameshika nguzo, na mjukuu humgusa mkono kumjulisha kwamba sauti imetoka.

Nilimpeleka Mwantumu kwa daktari wa kweli, nchi ya jirani. Alikuwa mwanamke kijana, asiye na maneno mengi. Alikaa nyuma yake, akampima kwa mashine, akarudia, akavua miwani.

"Mama, ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo. Hivyo ndivyo vinavyosikia. Mvuke ule umeviua, na vikifa havioti tena. Miguu tunaweza kuifundisha upya, kwa mazoezi, polepole. Masikio, hapana."

"Angetoka mapema?"

Alinitazama. "Angetoka mapema, angebaki na kitu."

Nilirudi nyumbani nikaandika barua ya mwisho kwa Mheshimiwa Ndalilo, fupi, bila nakala kwa mtu. Nilimwarifu kwamba mafundi wangu wako tayari, zege ipo, na sakafu zake zote, za ofisini na za nyumbani, pamoja na kitanda, zitarudishwa siku ile ile ambayo mwanangu atasikia mfuniko wa sufuria. Siku yoyote kabla ya hapo, akigusa sakafu hata kwa patasi, nitawauliza Ikulu kwa nini Waziri anajitenga tena na Baba Mnyoofu.

Kila Ijumaa napita kukagua. Sijakuta sentimita iliyopungua. Wanasema hajiuzulu kwa kuwa anayejiuzulu Wizara ya Wima anahesabiwa ameanguka, na kuna kifungu cha hilo pia. Kiko ukurasa wa mia na sita. Ninacho.

Ijumaa iliyopita nilikwenda na Mwantumu, ni sehemu ya mazoezi yake. Kwenye barabara iliyo sawa bado anayumba, anashika bega langu. Tulipokuwa tunapita chini ya ofisi ya Waziri, alikuwa dirishani, ameng'ang'ania nondo kwa mikono yote miwili, anatuita. Mwantumu akasimama, akainua uso, akamtazama mdomo. Siku hizi anasoma midomo vizuri, hata ya mbali.

"Mama," akasema, "anasema tafadhali."

"Nimemsikia," nikamjibu, nikigeuka ili aione midomo yangu. "Twende."